Mswala Usiokunjwa

Watu wengi wakipoteza imani huacha kusali. Mimi nilizidisha, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Ngoja nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyopaswa kunitia akili. Natengeneza meno ya bandia. Mimi si daktari. Daktari ndiye anayempanua mtu kinywa na kuchungulia; mimi naletewa alama ya fizi zake, namwaga plasta, napanga jino baada ya jino juu ya nta, nasugua, nang'arisha, mpaka bibi wa watu aweze tena kutafuna nyama na kusema "sitini na sita" bila kumrushia mwenzake mate. Pale karakana wananiita Bi Meno. Mwenye karakana tunamwita Mzee Fizi, kwa kuwa yeye mwenyewe hana hata jino moja na hataki kuvaa tunayotengeneza, mganga hajigangi. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba jino la bandia likiwa zuri mno linajisema. Safu ikinyooka kama ukuta na weupe ukawa mmoja, hata mtoto atajua. Lazima moja ulipindishe kidogo, jingine ulitie umanjano wa chai, mahali fulani uache mwanya. Kasoro ndiyo inayodanganya macho.

Hayo vidole vyangu vinayajua. Nyumbani niliyasahau kabisa.

Nyumbani tupo wanne. Kuna mume wangu, fundi umeme, ambaye kazi zake ziko kwenye majengo ya mbali na hurudi Ijumaa kwa Ijumaa na mfuko wa nguo chafu na njaa ya wiki nzima. Kuna wifi yangu, mdogo wake, anayeuza vitambaa dukani na ambaye ulimi wake haujui siku ya mapumziko. Na kuna Mama mkwe. Mama mkwe anawafundisha dini wanawake wa mtaa, sebuleni kwetu, mchana baada ya adhuhuri. Wanamwita Ustadha, hata wale wanaomzidi umri.

Niliolewa nikiwa sina mama. Miaka ikapita bila mtoto, na shangazi mmoja wa mume wangu akaja na ushauri wake, kwamba kijana aongeze mke, sheria inaruhusu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai, akamwambia, "Sheria inaruhusu pia mgeni kurudi kwake mapema." Shangazi hakumaliza ile chai. Tangu siku hiyo, mama yule angeniambia nimbebe mgongoni mpaka sokoni na kurudi, ningembeba. Na katika dunia hii yeye anataka mambo mawili tu: watu wake wasali, na mimi nizae. La pili limenishinda. Nikasema basi, la kwanza nisimnyime.

Usiniulize imani ilikwenda wapi. Sikugombana na Mungu, sikupotoshwa na mtu, wala si kwa ajili ya mtoto, ingawa najua ndiko unakokimbilia. Ilinitoka kama kwikwi. Unahangaika na mambo yako, mara unashtukia kimya, na hujui ilikatika saa ngapi. Niliingoja irudi. Nilisoma, nililia, nilisali nikiomba nirudishiwe wa kumwomba, jambo ambalo hata mimi mwenyewe niliona ni kumpigia mtu simu kumwuliza kama ana simu. Haikurudi. Nilichokiogopa hakikuwa moto, maana moto nao ulikuwa umeondoka pamoja na mengine. Niliogopa asubuhi moja Mama mkwe aniite kwa jina langu badala ya kuniita "mwanangu".

Magharibi na isha tunasali pamoja, wanawake wa nyumba. Mama mkwe anasimama katikati ya safu, kama inavyotakiwa mwanamke anapowasalisha wenzake, mimi kuliani kwake, wifi kushotoni. Miswala yetu hukaa imekunjwa juu ya benchi la ukumbini. Na hapo kuna utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuutamka. Mwanamke akiwa na udhuru wake wa kila mwezi, hatangazi. Mswala wake unabaki umekunjwa juu ya benchi, yeye anakwenda jikoni kugombana na sufuria, na hakuna anayemtazama mara mbili. Siku zikiisha anaoga, anaukunjua, maisha yanaendelea. Ndivyo tunavyojuana hali.

Basi nikaanza sala zangu za bandia, na bila kujisifu, zilikuwa na ufundi. Udhu wangu ulikuwa kamili hadi nyuma ya masikio. Rukuu yangu ungeweza kuiwekea bilauri ya maji isimwagike. Nikisujudu, nilipanga kazi za kesho: yule mwalimu mstaafu ambaye taya lake la bandia la chini halishiki, yule mfanyabiashara anayetaka jino la dhahabu mahali ambapo hata akicheka halionekani. Kazi zikiwa nyingi, sijda inarefuka. Mama mkwe akaliona hilo. Siku moja nilimsikia akiwaambia wanafunzi wake, "Unyenyekevu si maneno. Nina mkwe wangu humu ndani, akisujudu utadhani amesahau kama kuna dunia." Wala sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimekwama kwenye taya la mwalimu mstaafu.

Baada ya sala Mama mkwe huinua mikono na kutuombea mmoja mmoja. Humwombea mwanawe asianguke kutoka kwenye ngazi. Humwombea wifi mume mwenye subira na masikio magumu. Mimi huniombea mtoto. Nasi tunaitikia amin. Amin na amini zinapishana herufi moja tu, na mimi nilikuwa nimebaki na ile fupi.

Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka msimu mmoja watu walipoonekana kama wamekubaliana kung'oka meno kwa pamoja. Kazi zilijaa mpaka kwenye madirisha. Nilikuwa narudi nyumbani macho mekundu kwa vumbi la plasta, naoga, nakunjua mswala, nasimama kuliani, nainama, nainuka, naitikia, nalala. Sikufikiri. Mwili ulijua njia wenyewe.

Ndipo nikaanza kuona vituko. Nikishika ndoo ya maji, wifi anainyakua. Chakula kikipakuliwa, kipande kikubwa cha nyama kinatua kwenye sahani yangu, na nikikirudisha kinanirudia kama mbuzi aliyezoea zizi. Asubuhi moja Mama mkwe alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama weupe wa macho, akasema "Alhamdulillahi," kisha akaenda zake bila kueleza anashukuru nini.

"Wifi," akaniambia wifi yangu tukiosha vyombo, "siku hizi unasali sana."

"Kusali sana ni kosa?"

"Sijasema kosa. Nimesema sana." Akasuuza kikombe polepole. "Mfululizo."

Akacheka peke yake, akaondoka. Mimi nikabaki na sabuni mkononi na moyo mdomoni. Nikajua wamenigundua. Nikajua wameona kwamba zile sijda hazina mtu ndani. Sasa mwenye hekima angepunguza. Mimi nikaongeza sunna, kabla ya faradhi na baada yake, nikaanza na kubaki juu ya mswala nikivuta tasbihi wakati wenzangu wameshakwenda kula. Na kadiri nilivyoongeza, ndivyo Mama mkwe alivyozidi kung'aa. Jioni moja aliniwekea kiti nyuma ya mswala. "Ukichoka, sali umekaa," akasema. "Dini ni nyepesi, hasa kwa mtu wa hali yako."

Hali gani? Nilijiuliza, nikaona huenda kwa lugha ya kistaarabu ndivyo wanafiki wanavyoitwa.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, Mama mkwe alikuja karakana. Hajawahi kuja. Niliinua kichwa kutoka kwenye meno ya juu ya bibi mmoja, nikamwona amesimama mlangoni na mwavuli wake, ameziba pua kwa ncha ya mtandio, maana yale maji tunayochanganyia unga wa fizi za bandia yana harufu inayoweza kumwamsha maiti. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Fizi, wakainamiana pembeni ya mashine ya kung'arisha, wakanong'ona kama watu wanaopanga mahari. Mzee Fizi akatikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akaja mezani kwangu akaichukua ile chupa ya maji na kuipeleka kabati la mbali.

"Kuanzia leo hii hugusi," akasema. "Utapanga meno tu, pale dirishani, penye hewa."

"Nimeharibu nini, Mzee?"

"Hujaharibu, binti. Hongera. Mimi mbona nilishajua. Wiki nzima meno unayopanga yanakaa kama ya mtoto."

Nikamgeukia Mama mkwe. Alikuwa amesogea karibu, macho yamelowa, na uso wake sijawahi kuuona vile, hata siku ya harusi yangu. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, usinifiche mimi. Mficha uchi hazai. Tangu mwezi ule mpaka huu, mswala wako haujabaki kwenye benchi wakati wa sala hata siku moja."

Nilikuwa nimeshika yale meno ya juu. Niliyaweka mezani taratibu.

"Sijamwambia mtu," akaendelea, na kwa maneno hayo alikuwa amewatoa wifi yangu na Mzee Fizi kwenye hesabu ya watu. "Mumeo akirudi Ijumaa nitamwambia mwenyewe. Furaha hiyo niachie mimi. Nimeingoja."

Akanibusu kwenye paji la uso lenye vumbi la plasta, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Sasa umeliona kosa langu. Siku zangu zilikuwa zimekuja kama kawaida, mara mbili zimekuja na kuondoka, na mimi nilikuwa nimekunjua mswala na kusimama kwenye safu bila hata kukumbuka kwamba sistahili kusimama. Mwenye imani halisahau jambo hilo, hata awe amechoka vipi, kwa sababu anajua anakwenda kusimama mbele ya nani. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya Mama mkwe, na Mama mkwe haoni ndani ya nguo. Nilikuwa nimepanga safu moja nyeupe, iliyonyooka, bila mwanya. Mzee Fizi angenizaba kofi.

Nilikaa pale dirishani nikitafuta pa kutokea. Nikisema sina mimba, ataniuliza kwa nini mswala ulikunjuliwa kila jioni miezi yote hii. Nikisema mimba imetoka, atamlilia mjukuu ambaye hajawahi kuwepo, na mimi nitakaa pembeni nimejifunika khanga nikipokea pole za watu. Nikisema nilisali na udhuru wangu kwa kutojua, mimi, mkwe wa Ustadha, ambaye nimesikia somo la twahara likipita ukutani miaka yote hii, hata paka wa nyumba angecheka. Kila mlango ulikuwa na Mama mkwe amesimama nyuma yake na ule uso wake.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, mchana huohuo, hapohapo kazini, siku zangu zikaanza.

Sikujua nicheke au nilie. Sheria yenyewe ilikuwa imenipa ruhusa ya kutosali, ruhusa halali kabisa, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuitumia. Mswala wangu ukibaki juu ya benchi jioni ile, Mama mkwe atasoma pale habari ya msiba.

Nikaukunjua. Nikasimama kuliani. Sala ikaisha, Mama mkwe akainua mikono, na dua yake ya jioni hiyo haikuwa na ngazi wala mume mwenye subira. "Ya Rabi," akasema, "ulikuwa unanisikia." Akashindwa kuendelea. Mabega yake yakatikisika. Wifi akaitikia huku anajifuta macho. Mimi nikafungua mdomo, na amin ikagoma. Nilikwishasema amin nyingi katika ukumbi ule bila hata kukwaruzwa, lakini hiyo moja ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikakohoa. Mama mkwe akanipapasa mgongo, akamwagiza wifi aniletee maji.

Nilijua hapo kwamba Ijumaa siwezi kuiacha ifike.

Siku ya pili nilimwomba Mzee Fizi ruhusa nikarudi mapema, alasiri, wifi akiwa bado dukani. Mama mkwe alikuwa uani, juu ya kigoda, ungo wa mchele mapajani, anachambua. Aliponiona akaanza kuinuka anipishe kigoda. Nikamwambia akae. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, sina mimba."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. "Imetoka?"

"Haikuwepo."

"Siku huchelewa," akasema haraka. "Mwili ukichoka, siku huchelewa. Kesho tunakwenda hospitali, wala usihuzunike."

"Hazikuchelewa. Zilikuja kwa wakati wake, mara zote. Na jana zimekuja tena."

"Jana ulisali."

"Nilisali."

"Ulisimama hapa." Akagusa bega lake la kulia.

"Ndiyo, Mama."

Nikamwona anavaa ualimu wake, kama mtu anayetafuta miwani ili asome vizuri. "Kuna damu ya mwezi na kuna damu ya ugonjwa," akasema. "Hiyo ya pili ina hukumu yake. Mwanamke anajisafisha, anajifunga, anatawadha, anasali. Wengi huchanganya. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilichanganya."

Akanitazama. Alikuwa ananifungulia mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Ningesema "ndiyo, Mama, nilichanganya," angenirudisha kwenye somo la kwanza kama mtoto wa chuoni, na jioni tungekula kwa amani. Nilimpenda sana wakati ule. Nikasema, "Sikuchanganya. Nilisahau."

"Mtu husahau mwavuli," akasema.

"Ndiyo."

"Husahau kutia chumvi. Wewe husahau kila siku." Akavuta pumzi. "Lakini hili hasahau. Labda awe hayupo pale aliposimama."

"Sikuwepo, Mama. Ni muda mrefu sasa sipo."

Hakuuliza ninamaanisha nini. Alirudi kuchambua mchele. Nikamwona anaokota punje nzuri, nyeupe, anazitupa uani, na mawe anayaacha. Niligundua kwamba tangu nianze kusema alikuwa hajaniita chochote, si mwanangu wala jina langu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na zile sijda?"

Nilitaka kudanganya, lakini nilikuwa nimeshachoka. "Taya la mwalimu mstaafu. Lilikuwa halishiki."

Midomo yake ikacheza, na mpaka leo sijui ilikuwa inataka kucheka au kulia. "Nimeusimulia mtaa mzima habari za taya," akasema. Kisha kilio kikashinda. Aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nikabaki nimechuchumaa pale, sina ujasiri wa kumgusa.

"Usidhani nakulilia wewe," akasema ndani ya mtandio. "Namlilia mjukuu wangu. Wewe nitakulilia baadaye, nikipata nafasi."

"Sawa, Mama."

"Nilikuwa nimeshamchagulia jina."

Hapo na mimi nikalia. Tulilia kila mtu na lake, yeye juu ya kigoda, mimi chini, na mchele kati yetu. Alipotulia alijifuta, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwambie, na jicho lake lilikuwa kali.

"Niambie jambo moja. Kila magharibi nimeinua mikono nikakuombea mtoto. Kila nikimaliza nasikia amin kutoka kuliani kwangu. Nani alikuwa anaitikia?"

"Ni mimi."

"Kwa nini? Kunifurahisha mimi?"

"Nyingine zote, ndiyo. Za ngazi, za mume wa wifi, nilikuwa nakufurahisha. Hiyo ya mtoto nilikuwa naisema kweli." Nikaokota punje moja ya mchele pale chini. "Sijui nilikuwa namwambia nani, Mama. Lakini nilikuwa nataka."

Sikuwa nimewahi kulijua hilo mpaka nilipojisikia nikilisema. Mama mkwe akauokota ungo, akasimama, akaupepeta mara mbili, akaelekea jikoni. Mlangoni akageuka.

"Mumeo utamwambia mwenyewe. Mimi si posta."

"Ndiyo, Mama."

"Wifi yako simwambii, na wewe usimwambie. Akijua yeye, kila anayenunua kitambaa atapewa na habari hiyo juu yake."

"Ndiyo."

"Na mimi sijakubali. Usije ukadhani nimekubali. Nitakuombea mpaka uchoke kuombewa, na mimi sitachoka." Akaingia ndani. Nikasikia sufuria ikiwekwa kwenye jiko kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Jioni wifi akarudi, akatua mkoba, akapita ukumbini, akauona mswala wangu peke yake juu ya benchi, umekunjwa, na mingine imeshatandikwa. Akasimama. Akanitazama, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa neno.

"Hapakuwa na kitu," Mama mkwe akamwambia, anafunga mtandio wake. "Sisi ndio tulihesabu vibaya. Wifi yako ana udhuru kama wanawake wote. Njoo tusali, jua limeshazama."

Kwa siku ile ilikuwa kweli tupu. Siku zikiisha sijui angesema nini, na sikuthubutu kumwuliza. Wifi akanifuata jikoni, akanikumbatia kwa haraka, akaenda kusimama kushotoni. Nilikoroga mchuzi nikiwasikiliza. Sauti ya Mama mkwe haikuwa imara, lakini haikukosea mahali. Walipotoa salamu, nikamsikia anavuta pumzi ndefu, na dua ikaanza.

Akamwombea mwanawe na ngazi zake. Wifi akaitikia. Akamwombea wifi mume mwenye subira, na masikio magumu yakatajwa kama kawaida. Wifi akaitikia, ingawa kwa kinyongo. Kisha nikashika ukingo wa meza, maana nilikuwa najua ni zamu ya nani na sikujua kama bado nina zamu.

"Na mwanangu aliyeko jikoni," akasema Mama mkwe, "ewe Mola, umruzuku mtoto."

"Amin," akasema wifi.

Mama mkwe hakuendelea. Hakushusha mikono, nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, viganja vyake bado viko juu, uso wake umeelekea mbele, hanitazami. Wifi akadhani hajasikika, akarudia amin yake kwa sauti zaidi. Mikono ya Mama mkwe ikabaki palepale, inangoja.

Nikapunguza moto, nikaja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, nikaitikia.